Talanta Tano, Talanta Mbili: Haki ya Kuipima Timu Bora ya Kriketi

Kuuliza ni timu gani bora kuliko zote katika kriketi ya siku moja ni kuomba hukumu. Anayejibu amekaa kwenye kiti cha hakimu, na mbele yake wamesimama wachezaji ambao wengi wamekwisha kustaafu, wengine wamefariki dunia, na hakuna hata mmoja anayeweza kurudi uwanjani kujitetea. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya aina hii ilichezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, baada ya mvua kuiharibu mechi ya siku tano kati ya Australia na Uingereza. Tangu siku hiyo sheria zimebadilika, vifaa vimebadilika, malipo yamebadilika, hata miili ya wachezaji imebadilika kwa mazoezi na lishe. Je, inawezekana kuziweka kwenye mizani moja timu ya mwaka 1979 na timu ya mwaka 2007 bila kumdhulumu mtu? Nasema inawezekana, kwa masharti mawili. Kwanza, kila timu ipimwe kwa zama zake yenyewe. Pili, itazamwe ilidumu mbele kwa muda gani, na waliokuwa wakiikimbiza walikuwa na nguvu kiasi gani. Anayeyafuata masharti hayo hadi mwisho atafika kwenye jibu, wala halitakuwa jibu la mapenzi tu.

Mashabiki wengi hulijibu swali hili kwa kuchezesha mechi ya kufikirika: waweke Clive Lloyd na wenzake wa West Indies upande mmoja, Ricky Ponting na wenzake wa Australia upande wa pili, halafu tuone nani atashinda. Njia hii inanogesha mazungumzo, lakini haina miguu ya kusimamia. Mechi hiyo itachezwa kwa sheria za nani? Kombe la Dunia la 1975, la 1979 na la 1983 lilichezwa kwa ova 60 kila upande, kila ova ikiwa na mipira sita. Tangu 1987 ova ni 50. Kwa muda mrefu mpira mmoja ulirushwa hadi ukachakaa. Oktoba 2011 ikaja sheria ya kutumia mipira miwili mipya, na hapo kazi ya mpigaji na ya mrushaji ikabadilika. Magongo ya kupigia nayo yalinenepa hadi mwaka 2017 ikabidi yawekewe kikomo: ukingo usizidi milimita 40, na unene usizidi milimita 67. Katika fainali ya 1975 kwenye uwanja wa Lord's, Roy Fredericks wa West Indies, bila kofia ngumu kichwani, aliuchapa mpira wa kasi wa Dennis Lillee ukavuka mpaka kwa mikimbio 6, lakini mguu wake ukateleza ukaangusha wiketi yake mwenyewe, akatoka. Mpigaji wa leo hajawahi kusimama mbele ya mpira wa namna ile kichwa wazi. Tukimwazima Fredericks kofia na gongo la leo, tutakuwa tumemuumba mtu mwingine na kumpa jina lake.

Tofauti hizi si za vifaa peke yake. Hata wazo la namna ya kucheza limekua. Tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Uingereza ilipata mikimbio 334 dhidi ya India. Sunil Gavaskar akaingia kuufungua upande wa India, akabaki mpaka ova zote 60 zikaisha. Alikabili mipira 174 na kupata mikimbio 36 tu, na India ikaishia na 132. Gavaskar hakuwa mchezaji dhaifu: ndiye aliyekuja kuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika mechi za siku tano. Siku ile alicheza kama mtu ambaye bado hajaambiwa mchezo huu mpya unataka nini. Tarehe 17 Juni 2022, Uingereza iliifunga Uholanzi mikimbio 498 kwa ova 50. Ukizilinganisha namba hizi zikiwa uchi utahitimisha kwamba watu wa zamani hawakujua kriketi. Hitimisho hilo ni la kijinga, kwa sababu wa leo wamesimama juu ya mabega ya wale wa zamani. Walijifunza kwa makosa yao na kwa ubunifu wao.

Kipimo chenye haki kimo katika mafundisho ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wameyasikia tangu utotoni. Katika mfano wa talanta, kwenye sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, mtumwa aliyepewa talanta tano alizalisha tano nyingine, na aliyepewa mbili alizalisha mbili nyingine. Hesabu zao za mwisho hazikulingana hata kidogo, lakini bwana wao aliwasifu wote wawili kwa maneno yale yale. Uislamu nao unafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hamkalifishi mja jambo lililo nje ya uwezo wake. Msingi ni mmoja: kazi ya mtu hulinganishwa na alichokuwa nacho mkononi. Tukiuleta msingi huu uwanjani, namba zinaanza kusema kweli. Viv Richards alipata wastani wa mikimbio 90 kwa kila mipira 100 katika maisha yake yote ya mechi za siku moja. Leo kasi hiyo ni ya kawaida. Lakini Desmond Haynes, aliyecheza naye timu moja, alikuwa na 63, na Gavaskar 62. Joel Garner alicheza mechi 98 akiruhusu mikimbio 3.09 kwa ova. Siku hizi mrushaji anayeruhusu 5 anapigiwa makofi. Ukubwa wa Richards na Garner umo katika umbali uliokuwa kati yao na watu waliocheza nao, na umbali huo unaweza kupimwa bila kumhamisha mtu kutoka mwaka wake.

Hapa atasimama mpinzani wa kwanza na kusema: kila zama na kitabu chake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaustralia ataichagua Australia, mtu wa Barbados ataichagua West Indies, Mhindi ataichagua India, na hakuna mahakama ya kuwasuluhisha. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwani upendeleo upo. Lakini hebu tuitazame timu ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia la 1975, iliyoundwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Ilicheza mechi tatu ikashindwa zote. New Zealand iliishinda kwa mikimbio 181. India ikaishinda bila kupoteza hata wiketi moja. Uingereza ikaiangusha kwa mikimbio 94 tu na kuishinda kwa tofauti ya 196. Katika mechi ya India, Bishan Bedi alirusha ova 12, na nane kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Hakuna mtu mwenye akili timamu, hata awe na mapenzi makubwa kiasi gani na kwao, atakayesema kwamba ile ndiyo timu bora ya nyakati zote. Basi tukikubaliana sote kwamba jibu hilo si sahihi, tumekwisha kukubali kwamba kuna jibu lisilo sahihi. Na penye jibu lisilo sahihi pana kipimo, hata kama kipimo hicho ni kigumu kukitumia pale timu zinapokaribiana. Ugumu wa kuamua kati ya wawili walio juu hauthibitishi kwamba juu na chini havipo.

Mpinzani wa pili ni mkali zaidi, kwa sababu anautumia msingi wangu kunipiga nao. Ikiwa kila mtu apimwe kwa alichopewa, atasema, basi timu bora kuliko zote ni Kenya ya mwaka 2003. Nchi isiyo na hadhi ya kucheza mechi za siku tano, yenye wachezaji wachache na fedha kidogo, iliishinda Sri Lanka mjini Nairobi kwa mikimbio 53 huku Collins Obuya akichukua wiketi 5, ikazishinda Bangladesh na Zimbabwe, ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Na tazama, atasema, mechi ya Durban ya tarehe 15 Machi dhidi ya Australia yenyewe. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 174 tu, na Australia ilikuwa ikielekea kumaliza kazi mapema. Nahodha Steve Tikolo akampa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mwenye miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu kabla ya kuitwa tena. Alikuwa akirusha polepole kwa mkono wa kushoto. Akamtoa Ponting, akamtoa Darren Lehmann, akamtoa Brad Hogg. Alipomaliza alikuwa amerusha ova 8 na mipira 2, ova 6 hazikutoa kitu, mikimbio yote aliyoruhusu ni 7, na wiketi 3 mkononi. Australia ilishinda kwa wiketi 5, lakini mchezaji bora wa mechi alitajwa Karim.

Nakubali kila neno la ushahidi huo, ila sikubali hitimisho lake. Mjane wa sura ya 12 ya Injili ya Marko aliyetoa senti zake mbili alihesabiwa kuwa ametoa kuliko matajiri wote, na hukumu hiyo ni ya haki, kwa sababu kilichokuwa kikipimwa ni moyo wa mtoaji. Lakini mtu akiuliza ni sadaka ipi iliyojenga ukuta, jibu halitakuwa ya mjane. Kuna sifa ya mtenda, na kuna ukubwa wa tendo. Kuzitazama hali za timu kunatusaidia kuusoma umbali kwa usawa. Hakufuti umbali wenyewe. Kenya ya 2003 ilifanya mengi kwa kidogo, na heshima hiyo hainyang'anyiki: hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za siku tano iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Hata hivyo sehemu ya pointi zake ilitokana na New Zealand kukataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, na India iliishinda kwa mikimbio 91 ilipofika nusu fainali. Hukumu ya haki si hukumu ya huruma. Tunayemtafuta ni aliyetangulia mbele ya wote wa zama zake.

Lakini ni nani huyo anayetangulia: watu kumi na mmoja, au kitu kinachozaliwa wanapokutana? Kuna desturi ya kuunda kikosi cha wakati wote kwa kuchukua jina moja hapa na jingine pale. Mwaka 2011 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, liliadhimisha miaka 40 ya mechi za siku moja kwa kutangaza kikosi cha namna hiyo kilichochaguliwa kwa kura za mashabiki, kikiwa na Sachin Tendulkar, Brian Lara, Viv Richards, Wasim Akram, Glenn McGrath na wengine wa daraja lao. Ni orodha ya majina mazuri, ila timu si orodha. Na jambo hili halihitaji kubishaniwa kwa maneno, kwa maana lilikwisha kujaribiwa uwanjani. Oktoba 2005 ICC ilikusanya kikosi cha dunia nzima chini ya Shaun Pollock: Lara, Jacques Kallis, Virender Sehwag, Chris Gayle, Rahul Dravid, Kumar Sangakkara, Andrew Flintoff, Muttiah Muralitharan, Shoaib Akhtar. Kikapelekwa Melbourne kucheza na Australia mechi tatu. Australia, ambayo wiki chache kabla ilikuwa imenyang'anywa taji la Ashes na Uingereza katika mechi za siku tano, ilishinda zote: kwa mikimbio 93, kwa 55, kisha kwa 156. Atakayesema kikosi cha dunia hakikupata muda wa kuzoeana, amesema hasa ninachotaka kusema. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole kumi vya mikono kumi tofauti navyo havivunji.

Ikiwa timu ni zaidi ya majina, basi inaweza kubaki ile ile majina yakibadilika. Wagiriki wa kale waliuliza kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya nyingine, kama bado ni merikebu ile ile. Australia ilicheza fainali ya 1999, ya 2003 na ya 2007, na waliocheza zote tatu ni Adam Gilchrist, Ponting na McGrath tu. Wanane wengine walibadilika kati ya fainali ya kwanza na ya tatu. Mwaka 2002 waliachwa ndugu wawili, Mark Waugh na Steve Waugh, huyu wa pili akiwa ndiye nahodha aliyelibeba kombe la 1999. Mwaka 2003, usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, Shane Warne alirudishwa nyumbani kwa kutumia dawa iliyopigwa marufuku. Siku hiyo Australia ilikuwa na mikimbio 86 na wiketi nne zimekwisha kuanguka mbele ya Pakistan. Akaingia Andrew Symonds, ambaye wengi walilalamikia kuchaguliwa kwake, akapiga 143 bila kutolewa, na Australia ikashinda kwa 82. Mwaka 2007 Brett Lee alikosekana kwa kuumia, na kombe likachukuliwa vilevile. Kilichobaki mbao zilipobadilika ni namna ya kucheza: kushambulia tangu mpira wa kwanza, kutorusha ovyo, kudaka kila kinachodakika. Timu inayoendelea kushinda baada ya kumpoteza aliyedhaniwa kuwa nguzo imethibitisha kwamba ubora wake ulikuwa wa timu kweli.

Sasa tuzilete mbele timu mbili ambazo kila mjadala wa haki huishia kwazo. West Indies ya Lloyd, kati ya 1975 na 1983, ilifika fainali tatu mfululizo za Kombe la Dunia na kushinda mbili. Katika fainali ya 1975 Lloyd alipiga 102, na Richards, ambaye siku hiyo gongo lilimkatalia, aliwatoa Waaustralia watatu kwa mikono yake alipokuwa akiuokota mpira na kuurudisha. Mwaka 1979 Richards alipiga 138 bila kutolewa na Garner akachukua wiketi 5. Kwa jumla ya makombe hayo matatu walicheza mechi 17, wakashinda 15, na mbili walizoshindwa zote walifungwa na India mwaka 1983, ya pili ikiwa ni fainali. Australia, tangu iliposhindwa na Pakistan mwezi Mei 1999 hadi fainali ya Aprili 2007, ilicheza mechi 29 za Kombe la Dunia. Ilishinda 28 na kutoka sare moja. Mwaka 2003 ilishinda mechi zote 11, na mwaka 2007 zote 11. Fainali ya 2003 pale Johannesburg iliifunga India mikimbio 359 kwa kupoteza wiketi mbili tu. Fainali ya 2007 pale Bridgetown Gilchrist alipiga 149 kwa mipira 104.

Tukiishia kwenye hesabu, Australia imeshinda kesi. Lakini nilisema pia tuwatazame waliokuwa wakikimbiza. Katika miaka ya Lloyd, Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa nje ya kriketi ya kimataifa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na haikurudi mpaka 1991. Mwaka 1979 Australia ilikwenda kwenye Kombe la Dunia bila wachezaji waliokuwa wamejiunga na ligi ya tajiri Kerry Packer, na Uingereza nayo iliwaacha wake. West Indies iliwatumia wa kwake. Hayo si makosa ya West Indies, na kuifungia Afrika Kusini lilikuwa jambo la haki, ila ukweli ni kwamba uwanja ulikuwa na wakimbiaji wachache. Kati ya 1999 na 2007 wote walikuwapo: Pakistan ya Wasim Akram, Afrika Kusini ya Pollock na Kallis, India ya Tendulkar, Sri Lanka ya Muralitharan. Mtu anaweza kujibu kwamba mwaka 2007 India na Pakistan ziliondolewa mapema na Bangladesh na Ireland, kwa hiyo njia ilisafishwa. Lakini waliobaki walikutana na nini? New Zealand ilishindwa kwa mikimbio 215. Afrika Kusini, katika nusu fainali, ilikuwa imepoteza wiketi tano ikiwa na mikimbio 27.

Linabaki suala la bahati, na hapa Australia ina la kujibu. Mwaka 1999 ilipokutana na Afrika Kusini pale Leeds, Herschelle Gibbs aliudaka mpira wa Steve Waugh, akataka kuurusha juu kwa furaha kabla haujatulia mkononi, ukamponyoka. Waugh, aliyekuwa na mikimbio 56, akaendelea hadi 120 na kushinda mechi. Siku nne baadaye, katika nusu fainali ya Birmingham, Lance Klusener alikuwa amelifikisha pambano kwenye usawa wa 213 kwa 213 huku mipira ikiwa bado ipo. Akapiga, akakimbia, Allan Donald upande wa pili hakukimbia kwa wakati, akatolewa. Mechi ikawa sare, na Australia ikapita kwa sababu ilimaliza juu ya Afrika Kusini katika hatua iliyotangulia. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika mwaka 1976 kuhusu jinsi bahati inavyoingia hata katika hukumu zetu za maadili, na kriketi haijasalimika. Lakini bahati ina tabia moja: haikai upande mmoja kwa muda mrefu. Inaweza kumfungulia mtu mlango siku moja. Haiwezi kumshikia mlango huo kwa miaka minane na mechi 29. Ndiyo maana muda ni sehemu ya kipimo, wala si pambo lake. India ya mwaka 2023 ilishinda mechi 10 mfululizo za Kombe la Dunia, kisha ikafungwa fainali na Australia pale Ahmedabad. Ilikuwa timu kubwa ya wiki sita. Tunachokitafuta ni kirefu kuliko hicho.

Wapo watakaoorodhesha vipigo vya Australia nje ya Kombe la Dunia. India iliifunga Nairobi mwaka 2000. Bangladesh iliifunga Cardiff mwaka 2005. Mwaka 2006 pale Johannesburg ilipata mikimbio 434, namba ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia, na Afrika Kusini ikaipita siku hiyo hiyo kwa 438 mpira mmoja ukiwa umebaki. Sioni haja ya kuficha hata kimoja. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na timu isiyoshindwa kamwe haijawahi kuwapo. Swali ni timu ilisimama vipi siku ambazo kila mpinzani alikuja na bora alicho nacho, na siku hizo, kwa miaka minane, Australia haikuanguka.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwenye takwimu. C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad, alionyesha katika kitabu chake cha 1963, Beyond a Boundary, kwamba kriketi ya West Indies haiwezi kutenganishwa na historia ya utumwa na ukoloni. Wana wa waliotawaliwa walipoinua kombe Lord's, katika uwanja wa waliowatawala, walifanya jambo ambalo ushindi wa Australia hauwezi kulifikia. Nakubali. Katika historia ya binadamu, timu ya Lloyd ni kubwa kuliko ya Ponting, na sitarajii mtu aje kunishawishi vinginevyo. Lakini swali letu ni la mchezo, na kuwapa West Indies taji la mchezo kwa ajili ya mateso ya babu zao kungekuwa kuwatweza. Wao walitaka washindwe au washinde kwa mpira na gongo, bila kuongezewa kitu. Kuwaheshimu ni kuwapima kwa kile kile walichokitaka, na kwa kipimo hicho wamefika wa pili kwa hatua chache.

Na asiyependelea lazima afike mahali ambapo mijadala mingi haifiki. Kombe la Dunia la wanawake lilianza 1973, miaka miwili kabla ya lile la wanaume. Belinda Clark wa Australia alipiga 229 katika mechi ya siku moja mwaka 1997, miaka 12 kabla Tendulkar hajawa mwanamume wa kwanza kufikisha 200. Australia ya Meg Lanning ilishinda mechi 26 mfululizo kati ya 2018 na 2021, ikiipita rekodi ya 21 iliyowekwa na Australia ya Ponting mwaka 2003, kisha ikachukua Kombe la Dunia la 2022 kwa kushinda mechi zote tisa, Alyssa Healy akipiga 170 katika fainali. Anayewaacha nje ya orodha bila kutoa sababu anafuata mazoea, na mazoea si hukumu. Mimi nawaweka nafasi ya tatu, kwa sababu mbili zinazotoka kwenye kipimo kile kile: utawala wao una Kombe la Dunia moja, na wapinzani wao wengi walikuwa bado hawajapata mishahara na ligi za kuwakimbiza ipasavyo. Sababu ya pili inazidi kudhoofika kila mwaka.

Hukumu yangu basi ni hii: timu bora ya kriketi ya siku moja ni Australia ya 1999 hadi 2007, ya pili ni West Indies ya 1975 hadi 1983, ya tatu ni Australia ya wanawake ya 2018 hadi 2022. Anayetaka kuipindua asituletee orodha ya majina wala mechi ya kufikirika. Atuletee timu iliyocheza kwa miaka minane, mbele ya wapinzani wote wa zama zake, mechi 29 za Kombe la Dunia bila kushindwa hata moja.